Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: ekstensheni zilizobaki kwenye VS Code yangu

Siku niliyojua nna tatizo nilikuwa mbele ya watu saba. Bodi ya saccos imekaa, projekta imewashwa, nawaonyesha mfumo wao mpya wa mikopo, mara mhasibu akasema hapo kwenye riba hebu badilisha kidogo tuone inakuwaje, nikamwambia haina shida mama, nikafungua VS Code, ile programu ya kuandikia kodi za kompyuta, palepale nikaanza kuandika mstari mmoja tu na herufi hazitokei. Nabonyeza, kimya. Feni ya laptopi inalia kama bodaboda imebeba mishikaki inapanda kilima. Baada ya kama sekunde nane hivi herufi zote zikamwagika kwa mpigo, pamoja na zile nilizokuwa narudia kubonyeza kwa hasira, na mwenyekiti akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo kompyuta ni nzima kweli?"

Kompyuta ni nzima. Ni ya mtumba, ya Kariakoo, RAM GB 8, diski yenyewe bado ni ile ya kuzunguka siyo SSD, lakini nzima. Niliporudi home usiku nikafungua teminali nikaandika komandi ya kuhesabu ekstensheni, vile vijiprogramu vya kuiongezea VS Code uwezo:

code --list-extensions | wc -l

Ikanijibu 63.

Sitini na tatu jamani, na mimi naandika PHP na JavaScript basi. Nilikuwa na mbili za Dart, lugha ya Flutter ya kutengenezea app za simu, wakati Flutter yenyewe mara ya mwisho kuigusa ni kipindi nafanya kozi, tatu za kubadilisha aikoni za mafaili (unatumia moja tu kwa wakati, zingine mbili zilikuwa zimekaa benchi tu), moja ya Docker na Docker yenyewe nilishaitoa zamani, mbili za kupanga kodi, nne za rangi za skrini, na moja inayoleta paka mdogo anatembeatembea chini ya edita. Ya paka ntairudia.

Zilifikaje? Kama zinavyofika kwa kila mtu. Unaangalia video YouTube ya "ekstensheni kumi ambazo lazima uwe nazo", jamaa anaongea haraka haraka, kila moja anasema itabadilisha maisha yako, we unabonyeza install, install, install, alafu unasahau. Wiki ijayo video nyingine. Hamna siku hata moja niliyokaa nikasema leo natoa.

Sasa zinakulaje. VS Code imejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake kuna Chromium nzima, ile ile iliyo ndani ya Chrome, pamoja na Node.js inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari. Waliamua toka mwanzo ekstensheni zisikae kwenye prosesi (programu inayokimbia) moja na dirisha unaloandikia, zinakaa kwenye prosesi yao ya pembeni, ili moja ikikwama wewe uendelee kuandika. Wazo zuri sana hilo, ila RAM ni ile ile na prosesa ni ile ile. Na zile za lugha mara nyingi zinawasha na seva zao wenyewe nyuma huko, kila moja na kumbukumbu yake. Mashine ikiishiwa RAM inaanza kukopa kwenye diski, na diski ya kuzunguka unaijua mwenyewe, ndo hapo herufi zinachelewa mbele ya bodi.

Alafu kuna tofauti ya tabia. Ekstensheni iliyoandikwa vizuri inalala mpaka iitwe, kwa mfano ya PHP inaamka ukifungua faili la PHP, usipofungua haijui hata kama upo. Ila kuna zingine zinaamka pale tu unapofungua edita, uwe unazihitaji usizihitaji. Hizi ni kama mgeni anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenye nyumba ya watu akawasha redio. Ukitaka kuwajua bonyeza Ctrl+Shift+P uandike "Show Running Extensions", inakuja orodha yote na muda ambao kila moja imetumia kuamka, kwa milisekunde. Nilipoiangalia yangu nilicheka peke yangu.

Ila orodha haikunipa mchawi moja kwa moja, mchawi nilimpata kwa komandi nyingine ambayo watu wengi naona hawaijui, "Start Extension Bisect". Hii inazima nusu ya ekstensheni zako, inakuuliza tatizo bado lipo? Ukisema limeisha inajua mchawi yuko kwenye zile zilizozimwa, ukisema lipo inajua yuko kwenye zilizobaki, inagawa tena nusu, inauliza tena. Kwa ekstensheni 63 ni maswali kama sita tu unampata. Sita! Mimi nilishakuwa nimejiandaa kukesha nazima moja moja. Aliyepatikana ni moja ya kupaka vijiboksi vya rangi pembeni ya kodi za CSS, ile lugha ya mwonekano wa kurasa, siitaji jina kwa sababu huenda wameshairekebisha, ilikuwa inasoma kila faili kwenye foda nzima, mpaka ndani ya vendor na node_modules, maelfu ya mafaili ambayo sijayaandika mimi na sitayasoma maisha yangu yote, ili tu inionyeshe rangi ya kijani ni kijani.

Ningeweza kuitoa hiyo moja nikaendelea na maisha. Lakini nilishakasirika. VS Code ina kitu kinaitwa profaili, kilikuja mwanzoni mwa 2023, unatengeneza mazingira mapya kabisa yasiyo na kitu na yale ya zamani yanabaki pembeni ukiyataka. Nikatengeneza profaili tupu. Hamna kitu. Alafu nikajiwekea sheria ya bibi yangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yaani nikiona nimekwama kweli kwa kukosa ekstensheni fulani naiweka, naiacha siku mbili naizoea, siku ya tatu ya kazi najiuliza leo imeshika jembe wapi? Kama hamna shamba ililolima, kwaheri, na nauli sitoi.

Cha kwanza nilichogundua kwenye nyumba tupu ni kwamba haikuwa tupu. Vitu vingi nilivyokuwa nimeweka ekstensheni kwa ajili yake vilishaingizwa ndani ya VS Code yenyewe na mimi sina habari. Mfano ule wa mabano ya rangi. Zamani kulikuwa na ekstensheni inaitwa Bracket Pair Colorizer, mamilioni ya watu walikuwa nayo, inapaka kila jozi ya mabano rangi yake ili usipotee kwenye kodi yenye mabano ndani ya mabano ndani ya mabano. Tatizo lake kwenye mafaili makubwa ilikuwa nzito, na siyo kosa la aliyeiandika, kwa vile ekstensheni iko kwenye prosesi ya pembeni, kila ukibadilisha herufi lazima isomewe upya na ihesabu mabano kutoka nje. Mwaka 2021 timu ya VS Code wakaamua kuiandika upya ndani ya edita, ikatoka kwenye toleo la 1.60 la mwezi wa nane, na wakaandika kwamba ya kwao ina kasi mpaka mara 10,000. Mwenye ekstensheni akawaambia watu hamnihitaji tena, tumieni ya ndani. Mimi nimekaa nayo miaka kadhaa baada ya hapo. Nalisha mgeni ambaye mwenyewe alishaaga.

Zingine za hivyo: ile ya kubadilisha tagi ya mwisho ya HTML ukibadilisha ya mwanzo, saivi ni setingi tu, editor.linkedEditing, unaweka true. Ile ya kupeleka setingi zako kwenye kompyuta nyingine, ipo ndani. Emmet ipo ndani siku zote, unaandika alama ya mshangao kwenye faili la HTML unabonyeza Tab inakuandikia mifupa yote ya ukurasa. Kusevu yenyewe bila kubonyeza, ipo, na kwa sisi ambao umeme unaweza kukatika katikati ya sentensi na betri ya laptopi ni ya mapambo, hiyo iwashe leo leo. Na Ctrl+D, jamani Ctrl+D, unachagua neno unabonyeza inachagua linalofuata linalofanana, tena, tena, alafu unayabadilisha yote kwa pamoja. Nilikuwa na ekstensheni ya kufanya kitu cha karibu na hicho. Kweli.

Haya, waliorudi na kushika jembe.

Wa kwanza alirudi saa moja tu baada ya kusafisha, Error Lens. Kawaida ukikosea VS Code inachora kijimstari chekundu cha mawimbi, unatakiwa upeleke mausi pale usubiri kiboksi kitokee usome. Error Lens inachukua yale maneno ya kosa inayaandika palepale mwisho wa mstari. Ni kitu kidogo sana ukielezea, unaonekana kama unasifia kijiko, ila bila hiyo nilikuwa nasafiri na mausi siku nzima. Ushauri mmoja, iwekee kuchelewa kidogo kwenye setingi yake ya delay, bila hivyo ukiwa bado unaandika neno inakupigia kelele nyekundu kama mwalimu anayesahihisha daftari kabla hujaweka kalamu chini.

Prettier na ESLint zikafuata, na hapa kuna stori. Zile ekstensheni mbili za kupanga kodi nilizosema, zilikuwa zinagombana. Nikisevu moja inapanga hivi, nyingine inapangua, na siku mshindi alikuwa ni huyu siku ni yule. Mwenzangu ninayefanya naye kazi ye anapenda nafasi nne mwanzo wa mstari mimi mbili, kwaiyo nimebadilisha mstari mmoja wa riba, nafanya komiti, yaani naliingiza kwenye git inayotunza historia ya kodi, yeye anaona mistari mia nne imebadilika, ananipigia simu "bro umefanya nini?" Nimefanya mstari mmoja kaka. Hakuniamini, na mimi nisingejiamini.

Prettier ilitoka 2017 na falsafa yake ni kwamba haikuulizi sana. Setingi zake ni chache kwa makusudi, inachukua kodi yako inaivunja yote inaiandika upya kwa namna yake, upende usipende, na ugomvi wa nafasi mbili au nne unaisha kwa sababu hamna wa kugombana naye. Ila siri siyo kuweka ekstensheni, siri ni kuweka faili la sheria zake, .prettierrc, ndani ya mradi wenyewe, na kwenye foda ya .vscode uandike ni fomata gani itumike ukisevu, vyote viende kwenye git. Hapo yeyote atakayefungua mradi anakuta sheria za nyumba zimebandikwa mlangoni. PHP sikuipa Prettier, kule tunatumia mpangaji mwingine, Pint, ambayo inakuja na Laravel, fremuweki ya PHP tuliyojengea mfumo. ESLint ye hana habari na urembo, anatafuta makosa, variabo uliyoitangaza ukaisahau, vitu vya hivyo, na ukimpa urembo pia ndo ugomvi unaanza upya. Kila mtu na shamba lake.

Ya PHP ni Intelephense, inakumalizia majina unayoandika na kukuonyesha makosa. Sina la kuongeza, bila hiyo PHP ndani ya VS Code ni kutembea gizani. Ya bure inatosha, kuna ya kulipia kwa wanaotaka zaidi.

Sasa REST Client, hii ndo naipenda kuliko zote na sioni watu wakiizungumzia huku kwetu. Kama unatengeneza mfumo unaopokea malipo ya simu unajua shida yake, mteja analipa, kampuni ya simu inatuma ujumbe kwenye seva yako kusema fulani kalipa kiasi hiki, na wewe ukiwa unatengeneza kwenye laptopi yako pale home hamna wa kukutumia huo ujumbe. Watu wanatumia programu nzito za pembeni kujitumia. REST Client unaandika tu faili, malipo.http, ndani yake:

POST http://localhost:8000/api/malipo
Content-Type: application/json

{ "kumbukumbu": "MK-0042", "kiasi": 50000, "hali": "IMELIPWA" }

Juu yake kinatokea kiandishi cha kubonyeza, unabonyeza, jibu linakuja pembeni. Basi. Ni faili la maandishi, linakaa kwenye git na kodi nyingine, mwenzangu akivuta anapata majaribio yote. Na ndo ilivyoniokoa, siku moja nilibonyeza mara mbili kwa bahati mbaya nikaangalia databesi, mwanachama amelipa laki moja badala ya elfu hamsini. Ujumbe ule ule ukija mara mbili mfumo wangu ulikuwa unahesabu mara mbili, na mtandao ukisumbua jumbe za malipo huwa zinarudiwa kutumwa, hilo ni jambo la kawaida kabisa. Nikaweka ukaguzi wa namba ya kumbukumbu kabla ya kuandika chochote. Fikiria mhasibu angeligundua hilo mwisho wa mwezi, yule yule mama wa riba.

Alafu Code Spell Checker, kikagua tahajia. Hii niliitoa mara mbili nikairudisha, na ntaeleza kwa nini kwa sababu ni shida yetu sisi. Mfumo wa saccos unaandikwa na majina gani? Ukisema "loan" na "repayment" na "shares" unaelewana na kompyuta, ila ukikaa na mhasibu anasema mkopo, marejesho, hisa, kila siku unatafsiri kichwani na siku moja utatafsiri vibaya. Kwaiyo sisi tuliamua majedwali ya databesi na modeli ziwe Kiswahili, wanachama, mikopo, marejesho, dhamana, gawio. Sasa weka kikagua tahajia cha Kiingereza juu ya hiyo kodi. Skrini nzima mawimbi. Kila mstari. Mradi wangu ulionekana kama ziwa.

Kilichonirudisha ni bagi, kosa kwenye kodi. Kwenye jedwali kuna safu inaitwa tarehe_ya_marejesho, na mimi mahali fulani nikaandika tarehe_ya_marejeso, bila h. Kwenye Laravel ukiita kitu ambacho hakipo kwenye modeli kwa kawaida haikwambii chochote, inakupa null, yaani hamna kitu, inakaa kimya. Kwaiyo mfumo ukaona hamna tarehe ya marejesho, ukaona hamna aliyechelewa, na ripoti ya wadaiwa sugu ikatoka nyeupe pee. Saccos nzima hamna mdaiwa! Mwenzangu akasema labda watu wameokoka. Masaa mawili nimeitafuta hiyo h.

Basi nikakaa chini nikaifundisha. Kwenye mradi unaweka faili la cspell.json, ndani yake orodha ya maneno yako unayoyakubali. Kinakata jina refu vipande vipande chenyewe, kwenye kistari cha chini au kwenye herufi kubwa, kwaiyo tarehe_ya_marejesho kinaliona kama maneno matatu, na neno la chini ya herufi nne hakiliulizi, ndo maana "ya" na "wa" na "za" zinapita bure, kama vile walitufikiria sisi. Shida ipo kwenye vitenzi. Kiswahili chetu neno moja ni sentensi, amelipa, hajalipa, walilipa, atakayelipa, kila moja kwake ni neno jipya, huwezi kuyaorodhesha yote mpaka uzeeke. Kwaiyo tukakubaliana na mwenzangu, kwenye majina ya kodi ni nomino tu na kitenzi cha kuamrisha, lipa, kagua, hesabu, futa. Orodha yetu saivi ina maneno kama mia mbili na kidogo na mawimbi yakitokea najua ni kosa kweli, na faida ambayo sikuitegemea ni kwamba majina yetu yamenyooka, hamna tena fanksheni inaitwa angaliaKamaAmelipaAuLa.

GitLens niliirudisha kwa sababu nilikuwa nimezoea kuona mwisho wa kila mstari nani kaandika na lini, mara nyingi unatafuta mjinga aliyeandika hiki kitu unakuta jina lako. Ina mambo mengi sana yule mgeni, michoro, historia, kila kitu, mimi nilikuwa natumia hicho kimoja tu. VS Code siku hizi inacho ndani hicho kimoja, git.blame.editorDecoration.enabled. Nikamsindikiza mpaka stendi.

Remote SSH ipo, kwa ajili ya kufungua mafaili ya seva kama yako hapa hapa. Angalizo tu, inaweka seva yake ndogo kule upande wa pili na inakula RAM ya kule, VPS (seva ya kukodi) ya GB 1 inaweza kulala chali na wateja wako ndani yake. Mimi natumia kwa seva ya majaribio.

Najua mtauliza Copilot na wenzake, zile AI za kukumalizia kodi. Ninayo, kuna ya bure toka mwisho wa 2024 yenye kikomo kwa mwezi. Kwa kodi za kujirudia ni nzuri, naandika komenti ya Kiswahili inaelewa, wakati mwingine inajibu kwa Kiswahili cha mahubiri. Ila inahitaji intaneti muda wote, na bando likiisha saa tano usiku unagundua umekaa mbele ya skrini unamsubiri mtu amalizie sentensi yako. Kwenye mambo ya hela za watu naizima. Riba naandika kwa mkono.

Kuna jambo moja zaidi la wageni ambalo silo la RAM. Ekstensheni ikishaingia inaweza kufanya karibu chochote unachoweza wewe, kusoma faili la .env lenye nywila za databesi, kusoma funguo za SSH za kuingilia seva, kutuma kitu kwenye mtandao. Hamna chumba imefungiwa. Februari 2025 Microsoft waliiondoa thimu (ekstensheni ya rangi za skrini) moja maarufu sana, Material Theme, wakaizima mpaka kwenye kompyuta za watu kwa sababu ilikuwa na kodi iliyowatia shaka, alafu mwezi wa tatu wakasema walikosea, wakaomba radhi wakairudisha. Mimi hiyo stori nilijifunza upande ambao siyo wa nani alikosea. Ilikuwa ni thimu. Ya rangi. Na ilikuwa ndani ya kompyuta za mamilioni ya watu ina nguvu sawa na ekstensheni nyingine yoyote, na mimi nilikuwa na nne za rangi.

Kwaiyo naangalia jina la mchapishaji kabla ya kuweka, kuna wajanja wanatengeneza jina linalofanana na la ukweli herufi moja tu tofauti. Na ile tabia yetu ya kurushiana mafaili ya VSIX, yaani ekstensheni iliyofungashwa, kwa flashi au WhatsApp kuokoa bando, naielewa, nimeifanya sana, ila mchukue kwa mtu unayemjua na ye akwambie kaitoa wapi. Dogo mmoja alinitumia moja imeandikwa "final_imefanyiwa_kazi.vsix". Imefanyiwa kazi gani?

Kuna mshikaji wangu ye anatucheka wote, anatumia Vim, edita ya zamani ya kwenye teminali, skrini nyeusi, hamna mausi, laptopi yake ina RAM GB 4 na haijawahi kulia. Siku moja kanishawishi niweke ekstensheni ya Vim ndani ya VS Code, nikaweka. Mgeni yule siku ya kwanza alihamisha makochi, ya pili akaficha funguo, ya tatu ye ndo akanipa mimi jembe. Nikashindwa nikamtoa. Ila mshikaji alinionyesha kitu kimoja kizuri. Ye ni Mhaya, kwao Bukoba. Ukifungua Vim bila faili kuna ujumbe unatokea pale katikati kuhusu kusaidia watoto maskini wa Uganda, ukiandika :help uganda unakuta maelezo yote. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alikwenda kujitolea kwenye kituo cha watoto Kibaale, kusini mwa Uganda huko Rakai, si mbali na mpaka wetu, na akaamua Vim iwe ya bure na anayetaka kushukuru achangie wale watoto. Alifariki Agosti 2023. Mshikaji anasema katumia miaka minne akidhani ni tangazo tu, mpaka siku aliyolisoma akakuta ni jirani zao wa ng'ambo.

Jana nimehesabu tena. Kumi na moja. Edita inafunguka kabla chai haijapoa, na nilirudi kwenye ile bodi, nikabadilisha riba mbele yao, herufi zikatoka moja moja kama watu wenye adabu, mwenyekiti hakusema kitu.

Ya kumi na moja ni paka. Anaitwa vscode-pets, anatembea chini ya skrini, analala, ukimrushia mpira anaukimbilia. Kwa sheria ya bibi alitakiwa kuondoka siku ya tatu, na nilimtoa. Jioni binti yangu wa miaka mitano akaja akapanda kwenye kiti pembeni yangu kama kawaida yake, akaangalia skrini, akaangalia chini ya meza, akaniuliza, "Baba, paka kaenda wapi?" Saivi composer ya PHP ikiwa inapakua vitu vyake, mpira anarusha yeye.